TAMKO LA WENYE MASHINE ZA KUSAGA KUHUSU SUMUKUVU MAJUMBANI

Sisi, wanachama wa umoja wa wenye mashine za kusaga na kukoboa nafaka katika vijiji vya Kondoa, Chemba na Kiteto, tunatoa tamko hili mahindi yakiwa bado shambani.

Mwaka 2016 watu 68 wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, na 20 kati yao walifariki. Walitapika, macho yakawa manjano, matumbo na miguu vikavimba. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, katika wagonjwa 317 walikufa 125.

Kila mpishi ajue kwanza kwamba moto wa jikoni hauimalizi sumu hii. Ugali uive, makande yachemke tangu asubuhi, sumu imo. Ukungu wa kijani ukiuona ni dalili. Usipouona, usijiamini bado.

Kinga ni ukavu. Mahindi yaanikwe kwenye turubai au kichanja, si ardhini. Yasipukuchuliwe kwa kupigwa fimbo, maana punje ikipasuka ukungu umepata njia. Asiye na kipimo cha unyevu achukue chupa ya kioo iliyo kavu, atie mahindi kiasi na chumvi kavu, aitikise vizuri, aiache robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi yarudi juani. Kipimo hiki hakimshindi mtu, chumvi iko kila nyumba.

Kabla ya kuja mashineni, punje zilizobadilika rangi, zilizovunda na zilizobunguliwa zichaguliwe zitolewe. Hapa tuseme wazi, kwa kuwa sisi tunayaona: yanayotolewa hayatupwi. Hupewa kuku, husagwa ya pombe, au huchanganywa kwenye debe la kuuza. Na ng'ombe akilishwa pumba za mahindi hayo, sumu hupita kwenye maziwa, mtoto akayanywa.

Kwa hiyo, kuanzia msimu huu, mwanachama yeyote asisage wala asikoboe mahindi yaliyoota ukungu, hata akiambiwa ni ya kuku.

Tunajua kwamba kumrudisha mama na debe lake ni rahisi kwetu kuliko kwake. Kaya iliyobakiwa na gunia moja mwezi wa pili haiwezi kuambiwa ilimwage kisha ilale njaa. Tunaiomba serikali, kupitia halmashauri na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, iweke utaratibu wa kubadilishana: mabovu yapokelewe yateketezwe, mwenyewe apewe mazima kwa uzito uleule. Bila hilo, debe tulilolikataa litasagwa jioni hiyohiyo kwa jirani asiye mwanachama.

Tamko hili litabandikwa kwenye mlango wa kila mashine ya mwanachama, na litasomwa kwenye mikutano ya vijiji kabla ya mavuno.