TABLO MOJA KWA VITU VYOTE: TUIJENGE SISI WENYEWE



Kila mmoja achukue liste ya kalasi yake na ahesabu. Majina yanayoanza na K ni mangapi? Na M? Na N? Sasa tafuta Q na X. Hakuna hata moja, ao sivyo? Sisi watu wa Kamina tuko na Kasongo, Kabamba, Kalenga, Kabongo, Kalala na Kyungu, na wote wanabisha mlango mmoja.

Hatusemi hii kwa mchezo. Mwenzetu mmoja alikwenda kutafuta karatasi zake katika ofisi moja, hatutaitaja. Pale karatasi zote zilipangwa kwa herufi ya kwanza ya jina. Sanduku la K lilijaa mpaka kifuniko kilikataa kufunga. Sanduku la X lilikuwa tupu. Karani alitafuta siku mbili, na siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa ekzame ya Serikali ilikuwa inakaribia. Mwisho karatasi ilionekana: ilikuwa ndani ya K tangu mwanzo! Tunauliza: kosa ni la nani? Karani alitumika kwa bidii. Mpango ndio ulikuwa mubaya.

Watu wa ordinatere walikutana na shida hii zamani. Katika mwaka 1953, Hans Peter Luhn, aliyetumika kwa IBM, aliandika wazo hili: usiangalie herufi ya kwanza peke yake, geuza jina zima kuwa namba, na namba ile ikuonyeshe sanduku. Ndiyo tunaita tablo ya hashi.

Hauhitaji umeme ili uione. Chukua biki. A ni 1, B ni 2, mpaka Z ni 26. Weka masanduku 7, toka 0 mpaka 6. Anza na sifuri. Kwa kila herufi, zidisha namba uliyo nayo kwa 31, ongeza namba ya herufi, gawanya kwa 7, shika kinachobaki tu. Tulifanya hivyo na majina yale sita. Kabamba alikwenda 0, Kasongo 1, Kalala 2, Kabongo 3, Kalenga 4. Watu watano wa K, kila mtu na nyumba yake! Kyungu peke yake alikuta Kasongo ndani ya 1. Si neno: wawili wale wanafungwa kwa kamba moja, na anayetafuta analinganisha jina lote mpaka anamupata mwenyewe. Kulinganisha wawili siyo kama kupekua mia. Na masanduku yakianza kujaa, unaongeza hesabu yake na kumugawia kila mtu nyumba upya.

Ile 31 hatukuibuni. Brian Kernighan na Dennis Ritchie waliitumia katika chapa ya pili ya kitabu chao juu ya lugha ya C, mwaka 1988, na masanduku 101. Lakini tablo ya kitabu kile inapokea maneno tu. Leo unaandika tablo ya majina, kesho mtu wa bibliotheke anataka ya vitabu, kesho kutwa mtu wa kantini anataka ya madeni. Je, tuandike mara tatu? Hapana.

Angalieni gari la moshi linalotoka Bukama kuja Kamina. Anayepokea mizigo hafungui gunia kuona kama ni samaki ao nguo. Anaangalia tikiti, anaweka pahali pake, basi. Katika C, gunia lile lisilofunguliwa linaitwa pointere ya void, na kanuni ya C ya mwaka 1989 inaikubali. Tablo inashika anwani ya kitu tu, haijui ni kitu gani. Kwa hiyo mwenye mali anapashwa kuleta fonksio mbili: moja ya kugeuza ufunguo wake kuwa namba, na moja ya kusema kama funguo mbili ni sawa. Kisha tablo moja inatumikia majina, vitabu na madeni.

Lakini uhuru huu iko na bei yake. Ukiweka samaki na kutoa ukisema ni nguo, C haitakukataza. Programu itaanguka baadaye, na utatafuta kosa usiku kucha. Tena aliyeomba pahali katika kumbukumbu ya mashine lazima airudishe. Tablo inarudisha masanduku yake. Lakini mali iliyomo, nani ataifuta, tablo ao mwenye kuiweka? Lazima wapatane mbele ya kuanza. Wakifuta wote wawili, ni hasara. Asipofuta hata mmoja, ni hasara pia.

Tunasikia wengine wakisema: «Mbona mnajisumbua? Python iko na tablo yake tayari, andika tu.» Ni kweli, na kwa kazi ya haraka tutaitumia. Lakini kumbukeni mwezi wa 12 wa mwaka 2011. Kule Berlin, Alexander Klink na Julian Wälde walionyesha kwamba mtu anayejua hesabu ya tablo anaweza kuchagua funguo zinazoanguka zote ndani ya sanduku moja, na mashine kubwa inabaki imelemewa, kama karani wetu mbele ya sanduku la K. PHP, Python, Ruby na nyingine ziliguswa. Walioweza kutengeneza ni wale waliojua ndani ya tablo kunakuwa nini. Anayejua kubonyeza tu angeita nani?

Tunakubali kwamba tablo ya hashi haifai kwa kila kazi. Ukitaka kusoma majina kwa mfululizo wa A mpaka Z, haitakupa. Liste ya alfabeti inabaki na kazi yake.

Basi, ombi letu kwa walimu ni hili. Saa za ordinatere zisiishie kwa kukariri «klavye ni nini, ekra ni nini». Tupeni trimestre moja tuijenge tablo hii: kwanza kwa masanduku ya kartoni na fishi, maana karatasi haingoji umeme wala mashine, kisha kwa C, siku tutakapopata zamu kwenye mashine. Jaribio la kwanza liwe fishi za bibliotheke yetu. Kama mtu atatafuta kitabu muda mrefu kuliko leo, mtucheke mbele ya shule nzima.

Na ninyi wenzetu, msingoje walimu. Leo jioni, chukua biki, tafuta sanduku lako kati ya yale 7, kisha uulize jirani yako la kwake. Mkikutana ndani ya moja, msigombane. Fungeni kamba.

Ni sisi wanafunzi wenzenu.