Hata kibarazani utulivu huota

Ni nyumba ngapi mtaani kwenu ambamo mtu anaweza kuketi robo saa bila kuitwa, kutumwa wala kuulizwa kitu? Baba anarejea jioni na ugomvi wa kwenye matatu ungali kichwani. Mama naye ana yake ya ofisini. Anayelipia ni mtoto aliyemwaga chai, kwani hukemewa kwa kosa kubwa kuliko alilotenda.

Ndiyo sababu juma hili tunazungumzia bustani ya kutafakari. Usiseme hayo ni mambo ya wakazi wa Karen na Runda. Kule Kyoto, Japani, katika hekalu la Ryoan-ji, mna bustani inayosifika ulimwenguni, nayo haina mti hata mmoja ndani yake. Ni changarawe nyeupe iliyochanwa kwa reki, na mawe 15 tu. Watu huketi barazani wakaitazama kimya. Kwetu pwani, waliojenga nyumba za mawe za Lamu waliacha uwanja mdogo wa ndani, ulio wazi juu, ili mwanga na hewa viingie bila macho ya wapita njia. Wote hao walijua kwamba bustani ya utulivu huanza na mahali pa kuketi. Mimea hufuata.

Basi anza na kiti. Kwa siku tatu, chukua kigoda ukae kibarazani au uani asubuhi na jioni. Angalia jua linapigia wapi, upepo watoka wapi, na ni nani anayekuona. Chagua pembe inayopata jua la asubuhi. Kiti kipe mlango kisogo, kwani anayetazama mlango hungoja kuitwa.

Pili ni kinga. Tusidanganyane, mimea michache haizuii honi za barabarani. Lakini huficha unachotaka kusahau, na majani yanayochezacheza kwa upepo hulipa sikio jambo jingine la kusikiliza. Mchaichai kwenye debe kubwa hufanya kazi hiyo, na chai utapata. Mpasheni ukiusokotea waya utaficha kibaraza na kuwapa watoto matunda.

Tatu ni harufu, kwani hutuliza upesi. Nairobi, panda mnanaa, ila uutengee chombo chake maana mizizi yake hunyang'anya mingine nafasi. Mombasa, asumini na mrehani hustawi. Penye watoto, epuka olianda: maua yake yanavutia, lakini mmea mzima una sumu.

Vyombo si lazima vinunuliwe. Debe la mafuta ya kupikia latosha. Litoboe chini, tandaza kokoto, kisha tia udongo uliochanganywa na mchanga na samadi iliyooza vizuri. Weka sahani chini yake ili maji yasichuruzikie nguo za jirani wa chini, la sivyo bustani ya amani italeta vita. Usiweke chombo juu ya ukingo wa kibaraza. Kikianguka chaweza kuua.

Mifereji ikikauka, tumia maji uliyooshea mchele na mboga. Ukipenda beseni la maji kwa urembo, liwe la kina kifupi, ulimwage na kulisugua kila baada ya siku tatu. Katika joto, yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa juma moja hivi.

Lakini hayo yote ni bure msipokubaliana juu ya kiti chenyewe. Keti na jamaa zako mweke sheria. Aliyeketi pale haulizwi kitu, hatumwi dukani, wala haendi na simu. Kila mtu ana robo saa yake, pamoja na watoto. Mzazi aketi kabla ya kuuliza nani kavunja nini. Mwanafunzi aketi kabla ya kufungua vitabu. Mwenye kusali asali, mwenye kuwaza awaze, na asiyetaka lolote atazame majani tu.

Tena, usimpeleke mtoto pale kama adhabu. Siku utakapofanya hivyo, kiti hicho kitageuka kizimba cha korti, na hatakitaka tena.

Huna haja ya kungoja nyumba kubwa. Leo ni Jumapili. Tafuta debe moja, shina moja la mnanaa na kigoda. Kesho jioni, ukirudi na hasira za mjini, pitia hapo kwanza. Watoto watakuwa wa kwanza kuona tofauti.