"Imeamuliwa": Aliyeamua ni Nani?

Miaka ishirini hivi iliyopita, nikiwa mwalimu chipukizi wa Kiswahili katika shule moja ya upili, nilikuta tangazo fupi kwenye chumba cha walimu. Lilisema: "Imeamuliwa kwamba kuanzia juma hili vipindi vyote vya Kiswahili katika Kidato cha Nne vitafundishwa alasiri." Halikuwa na jina wala sababu; mhuri tu.

Kila mwalimu anajua alasiri ilivyo. Wanafunzi wameshiba, jua linachoma mabati, na macho yanafumba yenyewe. Nilimwendea naibu wa mwalimu mkuu, akaniambia, "Imeamuliwa, Mwalimu." Nilipomwendea mwalimu mkuu mwenyewe, alinijibu kuwa ratiba ni kazi ya naibu. Hatimaye nilinyamaza, nikafundisha waliosinzia.

Sisi wanaisimu huiita kauli hiyo kauli ya kutendwa. Kiambishi -w- kikichomekwa katika kitenzi, mtendwa hutangulia, naye mtenda aweza kuachwa nje bila sentensi kuharibika. Hilo si kosa la sarufi. Tukisema "mahindi yamevunwa", hakuna haja ya kuwataja wavunaji mmoja mmoja. Lakini mkubwa wa kazi anapoandika "imeamuliwa", anafanana na mtoto anayesimama kando ya vigae na kumwambia mamake, "Kikombe kimevunjika." Mtoto ametumia kauli ya kutendeka na mkubwa ameshika ya kutendwa, ila nia yao ni moja: mkono uliotenda usionekane.

Ajabu ni kwamba neno lenyewe linakataa kufichwa. Kuamua, katika Kiswahili, ni kuwatenganisha wanaogombana na kukata shauri baada ya kuzisikiza pande zote mbili. Ndiyo maana msimamizi wa mechi ya kandanda tunamwita mwamuzi. Huyu husimama katikati ya uwanja, kipenga mkononi, na kila mtazamaji anamwona. Akikosea atazomewa, lakini hakuna atakayeuliza penalti imetolewa na nani.

Yamkini msomaji atasema kwamba ninakuza jambo dogo. Wakubwa wana shughuli tele. Wawezaje kueleza kila uamuzi? Hoja hiyo ina uzito. Msomi wa usimamizi Henry Mintzberg, katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1973, aliwachunguza wakurugenzi watano wa Marekani kazini, akaona kwamba nusu ya shughuli zao zilichukua chini ya dakika tisa kila moja, na kwamba asilimia 78 ya muda wao ilitumika katika mazungumzo ya mdomo. Siku ya meneja, basi, ni ya maneno mafupi mafupi: nani apewe ruhusa, nani asubiri, chumba kipi kitumiwe, fedha zinunue chaki au karatasi. Ila kwa kuwa maamuzi hayo ni mengi na ya haraka, ndiyo yanayoyajenga au kuyabomoa maisha ya walio chini kuliko mikutano mikuu ya bodi. Na kwa kuwa hufanywa kwa maneno, maneno hayo hayana budi kuchaguliwa vyema.

Sheria zetu zimelitambua hilo. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya 2007, katika sehemu ya 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji hafifu au kutojiweza kimwili, amweleze kwanza sababu, tena kwa lugha anayoielewa. Haitoshi kwamba sababu ipo. Sharti imfikie mhusika.

Sisemi haya kama mtakatifu. Miaka michache iliyopita nilikaimu uenyekiti wa idara, nami nikabandika tangazo: "Imeamuliwa kwamba insha zitakazoletwa baada ya saa kumi Ijumaa hazitapokelewa." Jumatatu yake mwanafunzi mmoja alileta insha. Jumamosi alikuwa amemzika babake. Katibu wa idara alimwonyesha tangazo, akaondoka kimya. Nilipata habari hizo majuma matatu baadaye, nilipoona pengo katika orodha ya alama. Nilipomuuliza katibu kwa nini hakumleta kwangu, alinijibu kwa upole, "Daktari, tangazo halikusema nani aulizwe."

Ukweli ni kwamba uamuzi ule niliufanya peke yangu, nikinywa chai kati ya mihadhara miwili. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Insha ya binti yule niliipokea na kuisahihisha, lakini majuma matatu ya wasiwasi niliyompa sikuweza kuyafuta kwa kalamu nyekundu.

Tangu hapo nimejifunga kwa desturi moja. Kila tangazo ninaloandika lina mambo matatu: nani ameamua, kwa nini, na mwenye dharura amwone nani. Sentensi mbili zatosha: "Nimeamua insha zifike kabla ya saa kumi Ijumaa, kwa kuwa usahihishaji unaanza Jumamosi. Mwenye tatizo anione." Maneno hayo hayampunguzii mkubwa mamlaka, yanaonyesha mahali mamlaka yalipo.

Nanyi walimu wenzangu, desturi hii huanza darasani. Kiranja anayeorodhesha wapiga kelele bila kuulizwa anajifunza ukubwa wa aina fulani, na ndiye mkuu wa ofisi wa kesho. Mfundisheni kauli ya kutendwa, maana mtihani utaiuliza. Kisha mfundisheni lini ni uungwana kuiacha, asimame mbele ya wenzake na kutamka, "Ni mimi niliyeamua."