Ufunguo Ukipotea, Nani Afungue Mlango?

Jambo hili hutupata sote, wa Ngara na wa Biharamulo. Tumerudi jioni kutoka sokoni Rulenge au shambani Lusahunga, watoto wana njaa, na ufunguo hauonekani. Jirani anasema: "Kuna kijana anayefungua bila ufunguo." Je, tumwite?

Ufundi huo si uchawi. Ndani ya kufuli mna vijiti vidogo vinavyosukumwa na springi. Ufunguo huvinyanyua vyote, kila kimoja kwa kimo chake, ndipo kufuli hufunguka. Fundi hutumia vyuma viwili vyembamba: kimoja hukaza, kingine hunyanyua kijiti kimoja kimoja. Vitasa vya bei nafuu ni rahisi zaidi, kwani hutengenezwa kwa aina chache za funguo. Ndiyo maana upo ufunguo wenye jina lisilopendeza, ufunguo malaya, unaofungua milango mingi.

Basi anayetufungulia leo ameujua mlango wetu. Tuchague fundi anayejulikana, mwenye kibanda na majirani. Afanye kazi mbele ya baba wa nyumba au mwenyekiti wa kitongoji, kisha kufuli ibadilishwe. Tukumbuke kuwa sheria ya Tanzania inakataza mtu kukutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali. Kijana wetu akianza kuchezea vyuma hivyo, tumpeleke kwa fundi ajifunze kazi hiyo mchana.

Tutazame pia komeo. Mara nyingi mwizi haigusi kufuli. Hufungua skrubu za komeo kwa bisibisi. Tutumie boliti, nati zikae upande wa ndani.

Wakati wa kiangazi vumbi hukwamisha kufuli, na ufunguo hukatikia humo. Tusitie mafuta ya kupikia, kwani hunasa vumbi. Tukwangue penseli, tutie unga wake mweusi.

Ufunguo wa akiba tumwachie mama mkwe au jirani mwaminifu, si chini ya jiwe mlangoni.

Lakini mtoto akijifungia ndani na jiko la mkaa linawaka, tusingoje fundi wala baba. Hewa ya mkaa huua kimyakimya. Tuvunje dirisha mara moja. Dirisha hununuliwa, mtoto hanunuliwi.