Laiki Hazilipi Kodi ya Duka

Haya, wacha niseme leo, na atakayenuna anune. Biashara nyingi hapa Kenya hazifanyi uuzaji katika mitandao ya kijamii, zinafanya maonyesho. Wanamlipa kijana ashinde akibandika picha, mwisho wa mwezi kijana analeta ripoti yenye chati za rangi: wafuasi wameongezeka, laiki zimeongezeka, video imetazamwa sana. Bosi anatabasamu. Hakuna anayeuliza ni jozi ngapi za viatu zimetoka dukani.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na ombi hili naletewa kila mara: tuunganishie tovuti na ukurasa wa Facebook, idadi ya wafuasi ionekane pale juu. Nikiuliza ukurasa wenyewe unatakiwa kuifanyia biashara nini, naangaliwa kama mtu aliyeuliza maji ni ya nini. Jamani, hata programu ya kujumlisha mbili na mbili haiandikwi kabla ya kujua jibu linalotakiwa ni la aina gani!

Msidhani huu ni ugonjwa wa wenye maduka ya Nairobi peke yao. Mwaka 2010 Pepsi kule Marekani iliacha kutangaza soda yake katika fainali ya Super Bowl, baada ya miaka 23 ya kutokosa. Badala yake ikatenga dola milioni 20 kwa mradi ulioitwa Pepsi Refresh: watu walete mawazo ya kusaidia jamii, umma upige kura mtandaoni, washindi wapewe pesa. Kura zikamiminika, zaidi ya milioni 80. Mashabiki wakajaa Facebook. Kisha hesabu za mauzo ya mwaka huo zikatoka: Pepsi imeteremka hadi nafasi ya tatu, nyuma ya Coke na Diet Coke. Sisemi ni mradi ule peke yake uliowaangusha, maana soda kwa jumla zilikuwa zinashuka. Lakini tazama ulivyojengwa. Mtu aliweza kupiga kura bila kununua hata chupa moja. Angeweza kupiga kura huku anakunywa Coke!

Sisi huku tuna Pepsi Refresh yetu ndogo, inaitwa "bei njoo inboksi". Mteja ameona kiatu, pesa ziko kwenye simu, anauliza bei, anaambiwa aje inboksi. Wanaofundisha mbinu hii husema kila "bei gani?" ni maoni, na maoni yanaufanya mtandao uwasukumie wengine tangazo hilo. Sawa. Lakini aliyeuliza saa mbili usiku akajibiwa kesho yake saa nne ameshanunua kwa jirani aliyeandika bei. Wewe umepata maoni, jirani amepata pesa. Facebook inataka watu wakae, wabishane, waone matangazo. Wewe unataka walipe waende zao. Ukipima kazi yako kwa vipimo vya Facebook, umekuwa mfanyakazi wa Facebook asiye na mshahara.

Na hao wafuasi si mali yako. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza habari za jamaa na marafiki, na ikasema wazi kurasa za biashara zitawafikia watu wachache zaidi. Aliyetumia miaka akikusanya wafuasi aliambiwa alipie ili aongee nao.

Najua jibu: "Tunajenga jina." Vizuri, jina nalo ni lengo. Basi lipime! Muulize kila anayeingia dukani amewasikia wapi, uandike. Usipoandika, "kujenga jina" ni blanketi tu la kufunikia pesa zilizopotea.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kupima si kazi ngumu. Nambari ya Paybill inamtaka mteja aandike nambari ya akaunti. Tangazo la Facebook liambie aandike FB, la Instagram IG, bango la dukani DUKA. Malipo yakiingia kupitia Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, neno hilo linakuja pamoja na kiasi. Wapo watakaokosea kuandika, ni kweli, lakini hesabu yenye makosa machache inaishinda chati ya laiki mara mia. Kwenye WhatsApp, kiungo cha wa.me kinaweza kubeba ujumbe ulioandikwa tayari, kwa hiyo kila tangazo liwe na salamu yake na utajua mteja katokea wapi. Sasa weka pesa za matangazo upande mmoja, mauzo upande wa pili. Fundi bomba wa Kitengela atagundua kwamba hahitaji wafuasi elfu kumi walioko Mombasa na Kisumu. Anahitaji simu ishirini kutoka Kitengela.

Anayeumia ni nani? Mama mwenye saluni anayechukua mkopo wa simu kulipia tangazo kwa sababu ameambiwa wafuasi ni wateja. Na yule kijana wa ripoti pia. Mauzo yakianguka yeye ndiye wa kwanza kufutwa, na hakuna siku aliyoambiwa auze nini, kwa nani, kiasi gani.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijafungua tarakilishi, namwomba mteja aniandikie sentensi moja yenye nambari ya mauzo na tarehe. Akiniandikia "tunataka wafuasi zaidi", namwambia atafute mtu mwingine.