Okoa Kwanza, Tengeneza Baadaye

MTU apitaye Ipogolo, pale barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapoachana na njia ipandayo Iringa mjini, hawezi kukosa kuyaona malori yaliyoegeshwa na mafundi waliolala chini yake. Dereva aelekeaye Dar es Salaam anajua kuwa mbele yake uko mteremko wa Kitonga. Kwa hiyo hangoji breki zimshinde ndipo amwite fundi. Hukagua breki, hugonga matairi na kupima oili, liwe lori jipya au la miaka thelathini. Uzee wa gari haujapata kuwa sababu ya kuliacha bila matunzo. Bali kadiri linavyozeeka ndivyo matunzo yanavyozidi.

Lakini katika nyumba za mji huo huo imo mashine nyingine isiyopewa heshima hiyo. Ni kompyuta ya nyumbani. Ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo, ikawekwa pembeni mwa sebule, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na imewatumikia wenyewe kwa miaka mingi. Siku inapokataa kuwaka, hutamkwa neno moja tu: imekufa. Leo twapenda kusema kwamba mara nyingi haijafa. Na hata kama imekufa kweli, yaliyoandikwa ndani yake huenda bado yapo hai.

Yupo mwalimu mmoja mstaafu, mkazi wa Ipogolo, ambaye hatutamtaja jina. Kwa miaka tisa alikuwa mwandishi wa kikundi cha majirani cha kuweka na kukopa. Michango yote, mikopo yote na marejesho yote aliyaingiza katika kompyuta yake. Mashine hiyo ilipoanza kujizima yenyewe katikati ya kazi, aliipeleka kwa fundi. Siku ya pili kijana yule alimpokea kwa adabu zote. “Shikamoo, mwalimu. Mashine yako imepona, sasa inakimbia kuliko zamani.” Kweli ilikuwa ikikimbia. Mwalimu alipofika nyumbani na kuifungua, aliikuta tupu. Fundi alikuwa “amepiga windows”, kama wasemavyo vijana. Yaani alifuta vyote vilivyokuwamo na kuweka programu upya. Hesabu za kikundi zilikuwa zimekwenda, pamoja na picha za marehemu mkewe. Katika mkutano uliofuata wanachama walianza kubishana nani amelipa na nani hajalipa, na watu waliosalimiana kila asubuhi kwa miaka tisa wakaanza kutazamana kwa mashaka. Wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba ufutaji ule haukuwa na lazima yoyote. Kompyuta inayojizima yenyewe kwa kawaida inasumbuliwa na joto au na umeme, wala si programu. Wiki mbili hazikupita kabla mashine ya mwalimu haijaanza kujizima tena. Ugonjwa ulikuwa katika feni iliyojaa vumbi. Dawa ikapewa kumbukumbu.

Hatusemi haya kwa nia ya kumlaumu kijana yule peke yake. Alifanya alivyofundishwa na mkubwa wake wa kazi. Tunalolaumu ni desturi nzima ya kuanza kazi kwa kufuta. Aidha, wenye mashine nao hawawezi kukwepa lawama. Mtu anayetia hesabu za watu arobaini katika chombo kimoja, bila nakala hata moja mahali pengine, ameweka mayai yote katika tenga moja na kulibeba kichwani akipanda mlima.

Yafaa basi tueleze jinsi mashine hii inavyozeeka, maana adui asiyejulikana hapigwi. Adui wa kwanza ni vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi la Iringa huingia kila mahali, na kompyuta hulivuta ndani kwa feni yake yenyewe. Lile tabaka laini lipitishalo joto kutoka kwenye prosesa nalo hukauka kwa miaka. Matokeo yake ni joto kali, na mashine hujizima ili isiungue. Matibabu yake ni brashi laini, pumzi ya hewa na dawa mpya ya kupakwa juu ya prosesa; gharama yake ni ndogo.

Adui wa pili ni umeme. Maji ya Ruaha Mdogo yapitayo hapa Ipogolo huenda kuungana na Ruaha Mkuu, ambao husukuma mitambo ya Mtera na Kidatu. Hata hivyo kuwa jirani na maji hayo hakukutuepusha na mgawo wa mwaka 2006 wala ule wa mwaka 2022. Kinachoiumiza kompyuta hasa ni kule kukatika kwa ghafla wakati inaandika, na kule umeme kurudi kwa kishindo. Kifaa cha kutunza umeme kwa dakika chache, kinachoitwa UPS, hununua nafasi ya kufunga kazi kwa salama. Asiyekuwa nacho achomoe waya umeme ukatikapo, na asiurudishe mpaka umeme utulie.

Zipo pia dalili ndogo zinazotisha bure. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma miaka mingi kila inapowashwa, ni ile betri ya mviringo mfano wa sarafu iliyokwisha. Inabadilishwa kwa dakika tano. Mashine nyingi za kati ya mwaka 1999 na 2007 zilitengenezwa kwa kapasita mbovu, ambazo huvimba vichwa na kuvuja. Fundi ajuaye kushika chuma cha kuchomea risasi anaweza kuziondoa na kutia nyingine. Katika magonjwa yote hayo hakuna hata moja linalodai kufutwa kwa barua ya mtu.

Dalili moja tu ndiyo ya hatari hasa: diski inayogonga au kukwaruza. Ndani ya diski za kizamani zipo sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake bila kuzigusa. Mlio wa kugonga maana yake utaratibu huo umeharibika. Hapo pasiwepo kujaribu-jaribu. Mashine izimwe mara moja. Lakini kama diski ni nzima na kilichokufa ni sehemu nyingine, inaweza kutolewa, ikaunganishwa kwa waya na kompyuta nyingine, na mafaili yote yakanakiliwa. Hata yaliyofutwa kwa bahati mbaya katika diski za namna hiyo mara nyingi hubaki mpaka yafunikwe na maandishi mapya. Kwa hiyo aliyefutiwa aache kuitumia mashine saa ile ile. Mwalimu wetu hakuambiwa hivyo. Aliendelea kuitumia, na kila alichoandika kilizika alichokuwa akikililia.

Somo hili si geni kwa nchi yetu. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye mpango wa kuendesha hesabu za Serikali kwa mashine hizo ulishindwa, na sababu kubwa mojawapo ilikuwa upungufu wa wataalamu wa kuzitunza na kuzitumia. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo imekwisha zamani, lakini funzo lake limebaki: kununua mashine ni siku moja, kuitunza ni kila siku.

Wako watakaosema kwamba kompyuta kuukuu inakula umeme, ni nzito, na kwamba simu ya mkononi inatosha. Hoja hizo zina ukweli ndani yake. Kioo cha kizamani chenye tumbo hula umeme mwingi, na ni vema kibadilishwe. Tena ni kweli kwamba tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazikubaliki na toleo lililofuata. Mashine isiyopata marekebisho ya usalama isiachwe wazi katika intaneti. Lakini dawa ya hilo si jalala. Iko programu ya Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, isiyouzwa, ambayo matoleo yake mepesi huendesha vizuri mashine za zamani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao walikwisha onyesha njia mwaka 2004, walipotoa programu za ofisini kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice.

Na jalala lenyewe lina gharama. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na kwamba chini ya robo yake ndizo zilizojulikana kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Vioo vya kizamani vina risasi, na risasi ni sumu. Nchi yetu inazo kanuni za taka hizo tangu mwaka 2021. Lakini kanuni haiokoti kioo kilichotupwa ukingoni mwa mto.

Kwa hiyo tunatoa ushauri ufuatao. Kila mwenye kompyuta awe na nakala tatu za mambo yake muhimu: moja katika mashine, moja katika flashi, na moja katika nyumba nyingine. Vikundi vya kuweka na kukopa vichapishe hesabu zao kila mwezi na kuzitia saini. Vyuo vya VETA, pamoja na Chuo Kikuu cha Iringa, vione kwamba kuokoa kumbukumbu ni sehemu ya ufundi, nayo ifundishwe kabla ya kufuta.

Na mafundi wetu tunawaomba jambo moja lisilogharimu hata shilingi. Kabla hujagusa mashine ya mtu, muulize: “Je, kimo humu kitu usichotaka kipotee?” Kisha andika jibu lake na atie saini. Fundi wa lori hamruhusu dereva kushuka Kitonga bila kumuuliza habari za breki. Fundi wa kompyuta naye asikubali kuziteremsha kumbukumbu za miaka tisa bila neno.