Levire kwanza, kimea baadaye

Juma hili tunaenda kuchungulia mtungi wa wenzetu wa Uingereza. Mwenye kupika kasiksi anajua: unakamua ndizi, unatia unga wa mtama uliokaangwa, unafunika, na kesho yake chombo kinachemka bila moto. Kinachochemsha ni levire, vidudu visivyoonekana kwa jicho, ambavyo vinakula sukari na kutoa pombe na hewa. Kwetu levire inaingia yenyewe, pamoja na unga na chombo. Lakini pombe ya Kiingereza inayoitwa eili hupikwa kwa kimea cha shayiri, na maji yake huchemshwa motoni pamoja na maua machungu ya hopsi. Moto ule unaua kila kitu. Kwa hiyo levire sharti itiwe kwa mkono, na mpishi ajue ameitoa wapi. Ndiyo maana ninasema ichaguliwe kabla ya kimea.

Zamani kazi hii kule ilikuwa ya wanawake. Karibu mwaka 1300 eili ya vijijini ilipikwa zaidi na wamama. Haikuwa na hopsi, ikachacha vibaya baada ya siku chache, kwa hiyo mama alipika, akauzia majirani, kisha zamu ikawa ya mwingine. Mwanahistoria Judith Bennett alitoa kitabu mwaka 1996 akieleza namna kazi hiyo ilivyowaponyoka hadi kufika 1600. Pombe yenye hopsi ilikaa muda mrefu, ikaweza kupikwa kwa wingi, na kupika kwa wingi kulidai vyombo vikubwa na mkopo. Mkopo haukuwa wa mwanamke. Wamama wa likelemba wataelewa jambo hilo bila kuchorewa.

Lakini levire yenyewe haikuwa mali ya kufungiwa. Katika mji wa Norwich, mwaka 1468, liliandikwa agizo la wapishi wa pombe kwamba povu la levire, lililoitwa kwa kizazi hadi kizazi “chema cha Mungu”, lilikuwa likitolewa bure, au kwa mkate, ngano, kimea, mayai, ama zawadi nyingine isiyozidi robo ya peni. Tena asinyimwe mtu, kwa sababu limetoka kwa neema ya Mungu. Aliyepika alikuwa na povu la ziada. Aliyetaka kuumua mkate au kuanza mtungi mpya alikuja na bakuli. Mimi napenda agizo hilo kuliko sheria nyingi za biashara nilizosoma.

Na jirani akiwa hajapika? Hannah Glasse, mwanamke aliyeandika kitabu cha mapishi mwaka 1747, alitoa njia. Piga levire mpaka iwe laini, ipake kwa brashi katika sahani kubwa ya mbao, tabaka jembamba. Geuza sahani isiingie vumbi, acha ikauke, kisha paka tena, mpaka unene ufike kama inchi mbili au tatu. Hiyo itakutumikia miezi. Ya mkate unakata kipande na kukilowesha katika maji ya uvuguvugu. Ya pombe, unafunga vijiti vya mti pamoja, unavichovya katika levire, unavitundika vikauke, na siku ya kupika unatupa fungu moja ndani ya chombo. Hakukuwa na frigo wala hadubini, na ilifanya kazi.

Hadubini ilikuja baadaye. Mwaka 1871 Louis Pasteur alitembelea kiwanda cha Whitbread cha London, akatazama levire yao, akawaonyesha kuwa si safi. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, mjini Copenhagen, alifaulu kukuza levire ya ukoo mmoja tu kutoka chembe moja. Tangu hapo mtu anaweza kuuliza ukoo gani, kama tunavyouliza mbegu ya maharagwe.

Sasa, mpishi wa nyumbani achague vipi? Kwanza atambue kwamba levire ya eili inapenda joto la digrii 18 hadi 22, na nyingi hupanda juu na povu. Ile ya pombe kama Primus inataka baridi na hushuka chini. Kwa hiyo eili inafaa nyumba isiyo na mashine ya baridi. Halafu aangalie inakula sukari kiasi gani. Ukoo unaouzwa kwa jina la Nottingham unakula sana, pombe inabaki kavu, tena ladha yake haijitokezi. Ule wa Windsor unaacha sehemu ya sukari ya kimea bila kuigusa, na pombe inabaki nzito mdomoni, yenye harufu ya matunda. Unafaa pombe nyeusi isiyo kali. Lakini Windsor hauzami vizuri, mwenye haraka atakunywa ukungu. S-04 unazama upesi na kushikamana chini kama udongo. Kwa mtu anayepika mara ya kwanza mimi ningesema S-04, sashe moja ya gramu 11.5 kwa lita 20, basi.

Wapo koo za London zinazouzwa zikiwa za maji, watu wa eili wanazisifu kupita zote, na ni za usumbufu kweli. Zinazama mapema mno, kabla sukari haijaisha, mpaka uzikoroge taratibu kwa kijiko kilichochemshwa. Tena ukiondoa pombe juu yake haraka, inanuka siagi. Iache siku mbili tatu zaidi. Levire yenyewe itaila harufu ile.

Dada mmoja ataniuliza: na levire ya mikate je? Ni jamaa moja. Hata kampuni ya Lesaffre ya Ufaransa, inayotengeneza Saf-instant ya mandazi, ndiyo yenye Fermentis wanaouza S-04. Lakini ya mikate ilichaguliwa kwa kutoa hewa haraka. Pombe utapata, ila itakawia kutakata, na ladha itakuwa ya unga.

Upande wa kuipata, sashe kavu ndiyo inayovumilia safari, hata ndugu aliye Ulaya anaweza kuiweka katika mfuko. Walio Uingereza wana njia nyingine. Viwanda vidogo vingine humpa mpishi wa nyumbani chupa ya povu akiomba kwa adabu, desturi ileile ya Norwich. Au ununue pombe ya chupa yenye mashapo, uisimamishe siku mbili, umimine pombe, na mashapo uyatie katika kikombe cha maji ya kimea yaliyochemshwa na kupoa. Likipanda povu, onja kidogo. Ikiwa chachu kama siki, mwaga. Tena angalia: viwanda vingine huchuja levire ya kupikia na kutia nyingine wakati wa kujaza chupa, ukafikiri umepata mama kumbe umepata shangazi. Na Norwich hiyohiyo leo ina hazina ya taifa ya levire, yenye koo zaidi ya 4,000. Viwanda huweka akiba yao pale, kiwanda kikiharibikiwa kinarudi kuchukua.

Kwa kikundi, sashe moja haina haja ya kuisha kwa mpishi mmoja. Pombe ikishaondolewa, mashapo meupe ya chini yatiwe katika chupa iliyochemshwa, kifuniko kisikazwe kwa maana hewa itaipasua, yawekwe kwenye baridi. Anayefuata ayatumie ndani ya majuma mawili. Yakiwa ya kahawia na kunuka kama nyama iliyooza, yaende shimoni. Mama mwenye mimba apike akipenda, lakini asionje. Kuonja amwachie mwenzake.

Juma lijalo tutarudi kwenye sabuni ya mawese, maana maswali yenu yamejaa meza.